Matembezi ya kupinga biashara ya watu yafike hadi majumbani mwetu

Kila Julai inapokaribia kwisha, baadhi ya shule zetu huwaandikia wazazi barua. Barua inasema wanafunzi watashiriki matembezi ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, basi litaondoka alfajiri, mtoto aje na maji na kofia, mzazi achangie nauli na fulana, kisha atie sahihi. Hapo ubishi huanza kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mmoja anauliza kwa nini watoto wa kidato cha nne wapotezewe siku nzima wakati mtihani wa taifa ni Novemba. Mwingine anasema hayo ni mambo ya Polisi na Uhamiaji, hayawahusu watoto. Wa tatu anaridhia tu kwa sababu mwanawe amemsumbua, anataka kwenda na wenzake.

Msimamo wangu niuseme mapema: mtoto aende. Siku moja ya masomo si gharama kubwa kwa jambo linaloweza kumwokoa yeye, au kumfanya amwokoe mwenzake. Lakini huko aendako afundishwe ukweli wote, ukiwamo ule unaotugusa sisi tunaobaki nyumbani. Matembezi tunayoyaandaa humfundisha mwanafunzi kumwogopa mtu asiyemjua. Biashara yenyewe, kwa sehemu kubwa, inaendeshwa na watu anaowajua, anaowaamkia shikamoo, na ambao pengine wanakula naye meza moja.

Katika matembezi niliyowahi kuyasindikiza jijini Dar es Salaam, bendi ilitangulia, mabango yakafuata, na nyuma yake zikaja safu za wanafunzi wa sekondari wenye fulana zilizochorwa moyo wa bluu. Hiyo ni alama ya kampeni iliyozinduliwa mwaka 2009 na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu. Watoto walikuwa wachangamfu, wanaimba, wanawapungia abiria wa daladala. Bango moja lilionyesha mikono iliyofungwa minyororo. Jingine lilikuwa na mwanaume asiye na sura, amesimama gizani.

Tulipopumzika kivulini tukimsubiri mgeni rasmi, niliwauliza wasichana wa kidato cha tatu waliokaa karibu nami: anayesafirisha watu ni mtu wa namna gani? Wakajibu kama mabango yalivyowaonyesha. Ni mwanaume, ana gari la vioo vyeusi, si mtu wa hapa. Nikawauliza swali la pili: nani kati yenu anaijua nyumba yenye msichana wa rika lake anayefanya kazi na hasomi? Wakatazamana. Mkono mmoja ukapanda, kisha mwingine, kisha mingi. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Kwetu yupo."

Somo la siku ile lilipaswa kuanzia kwenye maneno hayo mawili. Hatukupata nafasi, maana mgeni rasmi alikuwa amefika na tuliitwa kwenda kusikiliza hotuba.

Safari inavyoanza

Msimu wa safari hizi unajulikana. Mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi ya katikati, huko Singida, Dodoma, Iringa na kwingineko, wapo wasichana waliokaa nyumbani wakisubiri matokeo. Wengine wameshayapata na hayakuwa mazuri. Wengine wamefaulu vizuri, ila sare, madaftari na godoro la bweni havijapatikana. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini mzazi aliyevuna magunia mawili ya mtama anajua kwamba shule si ada peke yake.

Wakati huo ndipo anapofika mgeni kutoka mjini. Mara nyingi ni mwanamke. Ni shangazi, ni binamu wa jirani, au ni dada aliyeondoka kijijini zamani na sasa amerudi amependeza, amemletea mama khanga na sukari. Hasemi kwamba anatafuta mtumishi. Anasema: nipeni mtoto akanisaidie kazi ndogo ndogo, nami nitampeleka akajifunze cherehani, au nitamtafutia shule ya jioni. Baba anakumbuka deni la pembejeo. Mama anawatazama wadogo wa mtoto huyo waliobaki. Mtoto mwenyewe anafurahi kwamba ataliona jiji. Hakuna aliyelazimishwa wala aliyetekwa. Basi linaondoka alfajiri, nauli imelipwa, na baadaye siku hiyo linaingia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis.

Mambo hugeuka taratibu baada ya hapo. Cherehani inasubiri mtoto mchanga wa nyumba hiyo akue kidogo. Mshahara "unatunzwa" na mwenye nyumba mpaka siku ya kurudi, na siku ya kurudi haitajwi. Simu ya kuongea na mama ni ya bosi, na bosi anakuwepo pembeni wakati wa kuongea. Binti anaamka saa kumi alfajiri kuandaa chai ya watoto wa shule, ambao ni wa umri wake, na analala wa mwisho. Akivunja sahani inakatwa kwenye mshahara ambao hajawahi kuushika. Akisema anataka kurudi kwao anaambiwa alipe kwanza nauli iliyomleta.

Niwe mwangalifu hapa, maana jambo hili likisemwa ovyo linawaumiza wasiostahili. Kazi ya nyumbani ni kazi ya heshima. Wapo kina mama wengi waliosomesha watoto wao kwa kufua na kupika katika nyumba za watu, na wapo waajiri wengi wanaolipa kwa wakati na kuishi na wasaidizi wao kwa wema. Si kila dada wa kazi amesafirishwa kiharamu. Sheria inatazama mambo matatu: kitendo, yaani kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi, njia iliyotumika, kama vile ulaghai, vitisho au kutumia unyonge wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 inasema hata hiyo njia haihitaji kuthibitishwa. Akishachukuliwa kwa lengo la kunyonywa, inatosha. Ridhaa yake haimsaidii aliyemchukua, na ya wazazi wake vilevile. Wala si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Kutoka Manyoni hadi Tabata panatosha.

Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008, na marekebisho ya 2022 yakaondoa mwanya wa mkosaji kulipa faini na kwenda zake bila kifungo. Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2010, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na mwenye umri huo hadi 18 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Amri ya mishahara ya kima cha chini inawataja wafanyakazi wa majumbani, na chama chao cha wafanyakazi, CHODAWU, kipo. Pale Mwanza, shirika la WoteSawa liliasisiwa na Angela Benedicto, mwanamke ambaye yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi za ndani, na linawahifadhi na kuwatetea wasichana wanaopitia hayo aliyoyapitia. Sheria na taasisi tunazo, ila nyumba nyingi hazijui kwamba zinawahusu.

Soko lilifungwa, nyumba zikaendelea

Ningekuwa na mamlaka ya kupanga ziara hizi, kabla ya matembezi ningewapeleka wanafunzi Mkunazini, Unguja, au Bagamoyo kama bahari inawashinda. Ningewapeleka huko kwa ajili ya somo ambalo waongozaji wa wageni hawalikazii sana, hata kama macho ya wengi yatavutwa na minyororo.

Tunakumbuka kwamba Juni 1873, Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Kanisa la Anglikana likaanza kujengwa mahali pale pale. Dunia ikashangilia. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwaweka huru waliokuwa wameshanunuliwa. Waliendelea kuchuma karafuu kwenye mashamba ya Unguja na Pemba, na waliendelea kuchota maji, kupika na kulea watoto ndani ya nyumba za mjini. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar mpaka 1897, miaka 24 baadaye. Na amri hiyo ya 1897 iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba wao ni watu wa nyumbani na kuwagusa ni kuvuruga familia. Walisubiri hadi 1909. Bara, Tanganyika, sheria ya kukomesha utumwa ilikuja 1922.

Nawaomba walimu wa Historia wakae na jambo hilo darasani. Kitu kilichokuwa hadharani, sokoni, machoni pa mabalozi na wamisionari, kilikomeshwa kwanza. Kilichokuwa ndani ya nyumba kilichukua miaka mingi zaidi, na waliochelewa kuliko wote walikuwa wanawake walioitwa watu wa familia. Watu waliowamiliki hawakuwa majambazi. Walikuwa wenye heshima mtaani, waliosali na kutoa sadaka, na waliosema kwa dhati kwamba yule binti kwao anakula na kuvaa kuliko alikotoka.

Utetezi huo bado tunao. "Nimemtoa kwenye shida." "Kwao hata sabuni hawana." "Namlea kama mwanangu." Nimeusikia kutoka kwa wasomi, kwa viongozi wa dini, na kwa watu ninaowapenda. Jibu langu kwao ni la upole ila halina njia ya kukwepa: kama ni mwanao, anasoma shule gani? Kama ni mfanyakazi wako, mshahara wake ni kiasi gani na anaupokea tarehe ngapi? Mtoto aliyeko nyumbani mwako lazima awe na jibu la moja kati ya maswali hayo mawili. Asipokuwa na jibu la lolote, sheria ina jina la hali yake, na jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye fulana ya mwanao.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba wanaofanya hivi wanatumia desturi yetu nzuri kuliko zote. Wengi wetu tumelelewa na wajomba na shangazi. Tulitoka vijijini na begi moja, tukapokelewa Temeke, Kisumu au Mwanza, tukafua na kupika, ndiyo, lakini asubuhi tulivaa sare tukaenda shule pamoja na watoto wa nyumba hiyo. Desturi hiyo ndiyo iliyojenga walimu, wauguzi na mawaziri wa nchi hizi. Anayemchukua mtoto kwa jina la desturi hiyo kisha akamnyima shule amewaibia wazazi imani yao. Amewaibia pia watoto wengine wa kijiji kile ambao kesho watahitaji kupokelewa na ndugu wa kweli.

Nao waliosoma hawako salama

Mwanafunzi anayenisoma asidhani kwamba habari hii inaishia kwa walioshindwa kuendelea na masomo. Yeye mwenye cheti anatafutwa pia, na anatafutwa kwa sababu ya hicho cheti.

Tangu 2022, serikali ya Kenya imekuwa ikiwarudisha vijana wake kutoka Myanmar, Laos na Thailand. Wengi walikuwa na elimu, wanajua Kiingereza na kompyuta. Waliona tangazo la kazi ya huduma kwa wateja Thailand, mshahara mnono, tiketi inalipwa. Walipofika Bangkok walichukuliwa kwa magari hadi mpakani, wakavushwa mto, na wakajikuta ndani ya majengo yenye walinzi wa silaha, ambako kazi ni kuwatapeli watu mtandaoni kutwa kucha. Asiyefikisha lengo anapigwa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa kwa namna hiyo Myanmar peke yake. Mapema 2025, maelfu walipoachiliwa kutoka eneo la Myawaddy, miongoni mwao walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia.

Upande wa Ghuba tunaujua zaidi, maana tuna undugu na lugha inayotuunganisha na Oman tangu kale. Wapo Watanzania wanaofanya kazi kule vizuri na kujenga kwao. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017, iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza pasipoti kuchukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kuzuiwa, na vipigo. Chanzo cha mengi ya hayo ni mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, kiasi kwamba akitoroka mateso anahesabiwa yeye ndiye mkosaji.

Oktoba 2024, shirika la habari la AP liliripoti kuhusu wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi kadhaa za Afrika, Uganda na Kenya zikiwamo. Walivutiwa na matangazo ya mtandaoni kwenda Tatarstan, Urusi, kusoma na kufanya kazi, na wakajikuta kiwandani wakiunganisha ndege zisizo na rubani za kivita. Huo ni umri wa mtu aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri kujua ataelekea wapi.

Kwa hiyo mwanafunzi arudi kutoka kwenye matembezi akiwa na maswali ya kumwuliza yeyote anayemletea kazi ya mbali. Wakala huyu ana leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi? Mkataba uko wapi, na nimeusoma kwa lugha ninayoielewa? Viza ni ya kazi au ya matembezi? Nani atashika pasipoti yangu? Nauli ni zawadi au ni deni, na kama ni deni, nalilipa vipi? Nyumbani wanajua jina la mwajiri, mji na namba ya simu? Anayekuja na kazi halali hatakasirika akiulizwa hayo. Anayesema "fanya haraka, nafasi zinakwisha, usimwambie mtu" amekwisha kujibu.

Kipo pia kisa kilichoonyeshwa na BBC mwaka 2022, cha watoto wenye ulemavu waliochukuliwa kutoka Tanzania na kupelekwa Nairobi kuombaomba barabarani, huku fedha zote zikichukuliwa na waliowaleta. Wazazi waliahidiwa kwamba watoto watapata maisha bora. Mwanafunzi wa Nairobi anayepita kila siku karibu na kiti cha magurudumu kwenye taa za barabarani anahitaji kufundishwa kwamba nyuma ya mkono ule ulionyooshwa huenda kuna mtu mzima amesimama ng'ambo akihesabu sarafu.

Ziara iandaliwe kama somo

Zipo nchi ambako matembezi haya hufanywa kwa kimya. Katika yale yanayoandaliwa kila Oktoba na shirika la A21, watu hutembea mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, bila kusema neno. Naheshimu nia yao. Kwetu ningeshauri vingine, kwa sababu kimya ndicho kinachomlinda mkosaji wetu. Jirani anasikia kilio usiku na hasemi, kwa kuwa "ni mambo ya nyumba ya watu". Balozi wa nyumba kumi anajua na hasemi, kwa kuwa mwenye nyumba ni mtu mzito. Mficha maradhi kifo humuumbua. Acha watoto waimbe, wazungumze na makondakta, wawaulize wauza tiketi maswali.

Njia ya matembezi nayo itazamwe upya. Tumezoea kutoka uwanja mmoja hadi viwanja vingine vyenye jukwaa na viti vya wageni. Ningependa yapite stendi ya Magufuli, kwenye gati la boti za Zanzibar, stendi za Namanga na Sirari, yaani mahali ambapo watoto hushuka wakiwa na begi na kipande cha karatasi chenye namba ya simu. Wafanyakazi wa mabasi wanaona mengi. Kondakta aliyefundishwa kumtambua mtoto anayesafiri na mtu asiyeweza kutaja jina la baba yake anaweza kufanya kazi kubwa kuliko hotuba ya saa nzima. Na tusiishie Julai 30 iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013. Tuifuate biashara kwenye msimu wake, Oktoba hadi Januari, na kwenye vijiji ambako basi huanzia. Shule ya Dar inayoweza kukodi basi kwenda viwanjani inaweza, mara moja, kulikodi kwenda kukutana na wanafunzi wa darasa la saba wa Manyoni.

Jambo la tatu ninalisema kwa uchungu. Waandaaji waache kuwapandisha jukwaani wasichana waliookolewa ili wasimulie waliyotendewa mbele ya kamera. Binti wa miaka 16 anayelia kwenye kipaza sauti anawafanya watu wazima wajisikie wamefanya jambo. Kesho yake picha yake iko kwenye simu za watu wa kijijini kwao, na wanaume wa mtaani wanamnyooshea kidole. Wapo watu wazima waliopitia hayo, wamepona, na wamechagua wenyewe kusema. Hao waalikwe, walipwe kwa muda wao, na waheshimiwe wanaposema "hilo silijibu".

Yupo yule aliyesema "Kwetu yupo"

Sasa nirudi kwa mwanafunzi yule, kwa sababu jambo zima linaamuliwa na namna tunavyompokea. Tumemwambia atoe taarifa. Tumempa namba 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya pia. Tumemtajia dawati la jinsia na watoto la polisi na ofisa ustawi wa jamii wa kata. Lakini anayepaswa kumtaja ni mama yake mzazi. Ndiye anayemlipia ada, na jioni atarudi kwake kula.

Shule isiyokuwa tayari kwa mtoto huyu isimpeleke kwenye matembezi, maana itakuwa imemtwisha mzigo na kumwacha nao. Kuwa tayari maana yake ni kuwa na mwalimu mlezi anayejua la kufanya. Mwalimu huyo hatamtangaza mtoto, hatampigia mzazi simu kumgombeza, wala hatakimbilia pingu pale ambapo mazungumzo yanatosha. Pale ambapo kuna kipigo, udhalilishaji au kufungiwa ndani, hakuna mazungumzo: ni dawati la polisi siku hiyo hiyo. Pale ambapo kuna mazoea mabaya ya mtu mwema, ofisa ustawi aende kama anayetembelea nyumba za mtaa mzima, akae na mwenye nyumba, wakubaliane kwa maandishi. Mshahara ulioshikiliwa ulipwe. Mtoto wa chini ya miaka 14 aachishwe kazi, na irudi kuwa kazi ya watu wazima kumtafutia shule, pale mjini au kwao. Mwenye umri wa kufanya kazi apewe mkataba, siku ya kupumzika, na simu yake mwenyewe. Kisha ofisa arudi baada ya mwezi.

Najua maofisa ustawi ni wachache na kata ni kubwa. Hiyo ndiyo hoja ambayo mgeni rasmi wa mwaka ujao anapaswa kuijibu kutoka jukwaani: ameongeza wangapi, na wana usafiri gani? Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inakusudia kufanya elimu ya lazima iwe miaka 10. Ikitekelezwa kwa vitendo, pamoja na mabweni na chakula, lile pengo la baada ya darasa la saba ambalo mawakala wanalitegemea litazibwa. Serikali ipimwe kwa hilo.

Shirika la Kazi Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa wakifanya kazi kwa kulazimishwa. Namba hiyo husomwa kwenye hotuba nyingi, na ni kubwa mno kiasi kwamba msikilizaji anajiona hana la kufanya. Mwanafunzi afundishwe kuhesabu kwa namna nyingine: katika mtaa wangu, nyumba ngapi zina mtoto asiyesoma, na nani ameshamwuliza jina lake kamili, umri wake na kwao ni wapi?

Wazazi wenzangu, tuwaruhusu waende, na tujiandae kwa maswali watakayorudi nayo. Kama yupo msichana nyumbani, tukae naye leo, tukokotoe anachotudai tangu alipofika, tumlipe mkononi mwake, tumpe simu ampigie mama yake nasi tutoke chumbani. Kama hajafika umri, tuzungumze na wazazi wake na shule ya jirani kabla muhula mpya haujaanza. Na kama tunataka msaada wa kazi za ndani, tumwajiri mtu mzima kwa mkataba na kima cha chini kilichowekwa, au tufanye kazi zetu wenyewe na watoto wetu. Matembezi nitayaita yamefaa pale ambapo, mwezi mmoja baadaye, ofisa ustawi wa kata ile atakuwa na orodha ya wasichana waliolipwa na waliorudi darasani. Orodha hiyo ndiyo isomwe jukwaani mwakani, bila majina, kabla ya hotuba yoyote.